Muulize Fundi: Prosesa ya zamani tunaikimbizaje bila kuiua

Haya wasomaji, safari hii maswali mengi yameangukia sehemu moja, ovakloki kwenye desktopu za zamani, kwaiyo nimechagua yasiyofanana nijibu hapa, yale ya printa na simu zilizoingia maji yasubiri toleo lijalo. Kwa ambaye neno ni geni, kuovakloki ni kuiambia prosesa ikimbie kasi kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Inawezekana, wengi wanafanya, ila ina utaratibu wake.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina desktopu ya i5-2500K, bodi ni Z68, RAM giga 8 na kadi ya grafiki GTX 1060. Gemu zinakwama kwama, nikiangalia prosesa iko 100 alafu kadi ya grafiki iko 50 hapo. Nimeona watu wanaifikisha 5 gigahezi lakini mi naogopa kuiunguza maana ndo mashine pekee niliyonayo. Feni ni ileile iliyokuja na prosesa. Nianzie wapi? (Mcheza gemu wa usiku)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umenifurahisha kwa kuangalia kwanza nani anamchelewesha mwenzie, maana wanaoniandikia wengi kompyuta inachukua dakika nzima kuwaka kwa sababu ya hadidiski iliyochoka alafu mtu anataka aongeze gigahezi, hapo utaongeza mpaka basi na itabaki vilevile, dawa yake ni SSD. Wewe kesi yako ni ya prosesa kweli.

Na umebahatika na hiyo prosesa. 2500K ilitoka Januari 2011, kasi yake ya kawaida ni gigahezi 3.3, yenyewe inajiongeza mpaka 3.7 lakini hiyo ni pale kiini kimoja tu (core, moja ya sehemu zake nne za kufanyia kazi) kinapofanya kazi, vyote vinne vikishika mzigo inakaa 3.4. Ile K mwishoni ndo inakuambia kizidishi hakijafungwa. Yani kuna saa ya msingi ya megahezi 100, prosesa inaizidisha mara 33 unapata 3.3, ukiandika 42 unapata 4.2, hesabu yote ndo hiyo. Alafu kile kifuniko cha chuma cha juu kimelehemiwa kabisa na silikoni iliyo chini yake, joto linatoka vizuri. Zilizofuata 2012, kina 3570K, Intel wakaacha kulehemu wakaweka pesti, ndo maana zile zinachemka haraka ukizipandisha hata kama umeme zinakula kidogo.

Sasa hiyo feni. Ile fupi yenye vipini vinne vya plastiki vya kubonyeza, kwa kasi ya kawaida inatosha, kwa 4.2 itapiga kelele chumba kizima na joto litapanda tu. Tafuta hitisinki ya mnara yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, hata iliyotumika sawa, vishikizo vya soketi 1150 na 1151 vinaingia kwenye 1155 yako bila shida. Usipoipata, bora usiguse kitu mpaka uipate.

Kabla ya biosi, yani ile menyu ya mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Windows, fungua kava. Feni itoe kabisa uangalie chini yake, juu kila mtu anapangusa, huko chini kati ya feni na mapezi utakuta vumbi limesukana kama kipande cha blanketi na hewa haipiti hata kidogo. Ukipuliza zuia mapanga ya feni na kidole yasizunguke. Pesti kama ni ya 2011 itakuwa imekauka inapukutika, ifute kwa spiriti safi mpaka chuma king'ae alafu weka tone dogo jipya katikati, usipake kama unapiga rangi ukuta. Kagua na kapasita zilizozunguka soketi, zile silinda ndogo, kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa, ukiona hata moja imevimba au ina ute wa kahawia juu acha hapohapo, bodi hiyo haifai kuongezewa mzigo. Na pawa saplai nayo ina umri. Kama ni ile isiyo na jina, nyepesi mkononi, imepiga kazi miaka kumi, badilisha kwanza, maana ikifa vibaya inaweza ikaondoka na wenzake.

Nataka uelewe kitu kimoja kabla hujaendelea. Prosesa inauliwa na volti na joto, gigahezi zenyewe hazina ubaya. Umeme unaoliwa unapanda sawasawa na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa mraba wake. Tuseme umetoka 3.4 kwenda 4.4, hiyo ni nyongeza ya asilimia 29 hivi, na volti imetoka 1.20 kwenda 1.35, ukiipiga mraba ni asilimia 27 hivi nyingine. Zidisha zote mbili unapata mara 1.64. Prosesa iliyokuwa inakula wati 70 sasa inakula karibu 115, na zote zinageuka joto ndani ya kipande cha silikoni cha milimita za mraba 216. Kwaiyo ukiweza kupata kasi bila kugusa volti, hiyo ni karibu bure. Ukianza kuilipia kwa volti ndo unaanza kulipa mara mbili.

Haya ingia biosi, piga picha ya kila ukurasa kwa simu kabla ya kubadilisha. Cha kwanza toa volti kwenye Auto. Bodi nyingi za zama zile ukiziachia zenyewe zinajimwagia volti nyingi kuliko zinazohitajika ili tu mashine isizime. Weka Manual, andika 1.20, kizidishi weka 38, RAM iache 1333 hivyohivyo wala usiwashe XMP (mpangilio wa kuipandisha RAM kasi) kwa sasa, saa ya msingi ibaki 100. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja mashine ikagoma hutajua mkorofi ni yupi. Hifadhi, washa, ikifika kwenye Windows fungua CPU-Z uone kama kweli 3.8 ipo, fungua HWiNFO uone joto la kila kiini, alafu washa Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa mzigo mzito, chagua Small FFTs uiache robo saa huku umeikodolea macho. Joto likigusa 80 simamisha. Prosesa ina kinga yake, ikikaribia 98 inajipunguzia kasi yenyewe, lakini hiyo kinga ni ya ajali, usiifanye iwe maisha ya kila siku.

Ikipita robo saa bila shida rudi biosi weka 39, kisha 40, moja moja. Kuna mahali itaanguka, na itaanguka kwa namna zake: mashine inaganda, au kwenye Prime95 mfanyakazi mmoja (worker, hesabu ya kiini kimoja) anasimama wengine wanaendelea, au skrini ya bluu yenye kodi 0x124 au 0x101, hizo mbili kwa prosesa za kizazi hiki mara nyingi maana yake ni nipe volti kidogo. Ongeza 0.01 au 0.02 urudie hatua ileile. Endelea hivyo, na mpaka wako uwe vitu viwili, volti 1.35 na digrii 80, chochote kitakachotangulia. Nyingi zinafika 4.2 mpaka 4.4 bila kelele. Utaona kuna sehemu ambapo mpaka hapo kila megahezi 100 ilikuwa inadai kidogo, ghafla inaanza kudai volti nyingi kwa megahezi 100 hizohizo. Ukifika hapo rudi hatua moja nyuma ukae. Hizo 5 ulizoziona wengi wamezipata kwa volti ambayo wao wenyewe hawaiachi wiki nzima, wanapiga picha ya CPU-Z kisha wanarudisha chini, hiyo hawakuambii.

Ukishapata kituo chako iache kwenye mzigo masaa kadhaa ukiwa upo nyumbani, alafu cheza gemu zako zenyewe siku kadhaa, maana kuna mashine inapita Prime95 usiku kucha ikaangushwa na gemu. Na fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger, maonyo yakiwa yamejaa hapo prosesa inakosea hesabu na kujisahihisha kimyakimya, volti haitoshi hata kama hujaona skrini ya bluu. Hili watu wanalidharau sana. Ovakloki ambayo haijatulia inaweza isizime mashine kabisa, ikawa inaharibu mafaili taratibu, leo zip haifunguki kesho Windows inagoma kuwaka, kwaiyo picha zako na kazi zako weka nakala nje ya mashine kabla ya yote.

Mwisho nikuambie ukweli wa gemu. Kutoka 3.4 mpaka 4.2 ni kama asilimia 23, utaiona, hasa zile kwama kwama. Lakini viini vitabaki vinne, na kuna gemu mpya zinadai AVX2, aina ya amri za hesabu ambazo 2500K haina kabisa, hizo hata ukiifikisha 5 hazitafunguka. RAM nayo ipeleke giga 16, DDR3 iliyotumika haisumbui kuipata.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nina prosesa ya i5-3470 kwenye bodi ya H61, nimetafuta sehemu ya kizidishi kwenye biosi siioni. Mwenzangu kaniambia niongeze saa ya msingi badala yake. Ni sawa? (Dada wa ofisini)

JIBU: Nzuri dada yangu. Huioni kwa sababu haipo, H61 haikutengenezwa kwa kazi hiyo na prosesa yako haina K. Hiyo 3470 ingekaa kwenye bodi ya Z77 ingekubali kuongezwa ngazi nne juu ya kasi yake ya kujiongeza, kwenye H61 hata hizo hupati.

Ushauri wa mwenzio usiufuate. Kwenye prosesa za Core 2 hilo lilikuwa jambo la kawaida, lakini kuanzia kizazi cha 2011 saa hiyo ya megahezi 100 inaendesha pia SATA, USB na njia ya kadi ya grafiki. Ukiisukuma mpaka 105 umepata asilimia 5 ambayo hata hutaihisi, na hapohapo umeikimbizia hadidiski yako mwendo ambao haikuuzoea, mtu anapoteza mafaili ya ofisi kwa ajili ya asilimia 5. Angalia kwenye ukurasa wa bodi yako kama inakubali i7-3770, nyingi za H61 zinaikubali baada ya kuapdeti biosi, soketi ni ileile. Utapata nyuzi nane (threads, kazi inazoshika kwa pamoja) badala ya nne na hutagusa volti yoyote. Hiyo ndo ovakloki yako.

SWALI: Kaka, prosesa yangu ya AMD FX-8350 nimeipeleka 4.6, inawaka freshi, gemu dakika kumi za mwanzo zinaenda vizuri alafu ghafla fremu zinaporomoka, nikiangalia kasi inaruka 4.6 inashuka 1.4 inarudi 4.6. Joto la prosesa ni 55 tu. Shida nini? (Timu nyekundu)

JIBU: Kaka, hiyo 55 ndo inakudanganya, unaangalia mgonjwa asiye sahihi. Cheki pembeni ya soketi upande wa kushoto, pale kwenye vipande vyeusi vya mraba vilivyopangana, hivyo ndo vinageuza volti 12 za pawa saplai kuwa volti moja na kitu ya prosesa. FX-8350 kwa kasi yake ya kawaida tu ni ya wati 125, ukiipeleka 4.6 na volti juu inapita hapo mbali, na bodi nyingi za soketi AM3+ kama yako za bei ya chini zina njia nne tu za umeme tena bila hata kipande cha chuma cha kupozea. Vikichemka bodi inajiokoa kwa kuishusha prosesa mpaka 1.4, vikipoa inaipandisha tena, ndo hiyo ruka ruka yako. Usivishike kwa kidole kuhakikisha, vinaunguza kweli.

Kuna bodi zenye sehemu ya kuzima hiyo kinga kwenye biosi, na najua kuna mtu atakushauri uizime. Usithubutu. Bodi inalia, wewe unataka kuiziba mdomo.

Unachoweza kufanya ni kuibandikia hiyo sehemu vipande vya alumini vya kupozea vyenye gundi ya joto, na kuelekeza feni ndogo iipulizie moja kwa moja, kwa FX hilo peke yake linaleta tofauti kubwa. Na shuka, jaribu 4.2 au 4.3 kwa volti ndogo kabisa inayokubali. Ujue tu kwamba 2013 AMD wenyewe waliuza FX-9590 ya 4.7 mpaka 5.0, silikoni ya familia hiyohiyo ya kwako, na waliiandika wati 220, bodi zilizoruhusiwa kuibeba zilikuwa chache. Hiyo ndo bei ya gigahezi za ziada kwenye FX. Ah na kitu kingine, ukiitoa hitisinki hapo usiivute juu wima. Pesti ikiwa imeganda prosesa za AM3+ zinachomoka kwenye soketi zikiwa zimegandana na hitisinki, pini zinapinda. Washa mashine ichemke kidogo kwanza, zima chomoa waya, alafu izungushe taratibu kushoto kulia mpaka iachie.

SWALI: Fundi, i7-2600K yangu niko 4.5, Prime95 inapita masaa nane bila tatizo. Lakini nikiiacha bila kazi inaganda, na nikiilaza haiamki, feni zinazunguka skrini nyeusi. (Nimechoka kuriset)

JIBU: Pole. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na yote yanajulikana. La kuganda bila kazi nina uhakika umeweka volti kwa Offset, yani kuongeza au kutoa kiasi fulani kwenye volti ambayo prosesa inajiombea. Offset ni nzuri, mi mwenyewe naipendelea kwa matumizi ya kila siku kwa sababu prosesa ikipumzika inashuka 1.6 gigahezi na volti inashuka nayo, lakini kama umeweka Offset ya kutoa, unatoa kiasi kilekile juu na chini. Kwenye mzigo ile Load-Line Calibration, mpangilio wa biosi unaozuia volti isishuke mzigo ukija, inakubeba, ukipumzika huna wa kukubeba volti inaanguka chini mno. Punguza ukali wa Load-Line ngazi moja au mbili kisha Offset isogeze juu kidogo, kwenye mzigo utabaki palepale na chini utapata nafasi. Nawaona watu wanaoweka Load-Line kwenye ngazi ya juu kabisa wakidhani ndo usalama, wakati pale mzigo unapoachia ghafla volti inaruka juu kuliko ile inayoonekana kwenye skrini.

La kulala, tafuta kwenye biosi kitu kinaitwa Internal PLL Overvoltage, naona kimewashwa au kiko Auto. Kizime. Kwenye prosesa hizi kinasaidia tu wale wanaotafuta kasi za juu sana, na bodi nyingi kikiwashwa mashine hailali vizuri. 4.5 mara nyingi haikihitaji, jaribu bila chenyewe kabla ya kuongeza chochote, na biosi kama ni ya kwanza kabisa iapdeti, watengenezaji walirekebisha hilo baadaye.

SWALI: Mwanangu mimi mzee wenu nina prosesa ya Q6600 bado inadunda, naweza kuiongeza kidogo na je itapunguza maisha yake? (Mzee wa Core 2)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Inawezekana kabisa, hiyo prosesa ni maarufu kwa kazi hiyo tangu 2007. Kizidishi chake hakipandi, kinaishia 9, unachopandisha ni basi ya mbele kutoka 266 kwenda 333, mara 9 inakuwa 3.0 kutoka 2.4. Bodi yenye chipseti ya P35 inaibeba hiyo 333 bila jasho. Fungua CPU-Z uangalie imeandikwa G0 au B3, G0 ni ya wati 95 na inapoa zaidi, B3 ni ya 105 hiyo iendee polepole. Kabla hujapandisha basi shusha kwanza mgawanyo wa RAM uwe 1:1 na basi, DDR2 yako itembee 667, vinginevyo RAM itapanda nayo na utalaumu prosesa bure. PCI Express ifunge kwenye 100, isiachwe Auto.

Maisha yake yatapungua, ndio. Volti na joto vinasukuma chembe za chuma kwenye nyaya nyembamba za ndani taratibu, na siku moja utakuta kasi iliyokuwa imetulia inadai volti zaidi. Ila kwa nyongeza ndogo kama hii yenye volti ya kawaida na joto chini ya 65, nadhani bodi na pawa saplai ndo zitatangulia. Na mzee wangu ukihifadhi alafu ikawa haiwaki kabisa usishtuke, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa umeme uliobaki uishe, toa ile betri ya CR2032 dakika chache, irudishe, itawaka ikiwa imesahau kila ulichokiandika, uanzie 300 safari hii badala ya kuruka moja kwa moja 333.